Wanaojifunza programu wanakwama kabla ya kugusa kibodi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni wakufunzi wa uandishi wa programu za kompyuta, na barua hii tunawaandikia wanaoanza, wazazi wanaowalipia ada na walimu wanaowafundisha.

Lalamiko linalotufikia zaidi ni hili: kijana amemaliza kozi, cheti anacho, lakini akipewa swali dogo ambalo hajawahi kuliona anaikodolea macho skrini mpaka inazima. Wapo wanaosema tatizo ni Kiingereza. Wapo wanaosema ni hesabu, na wengine wanailaumu kompyuta ya mtumba. Kila sababu ina ukweli wake kidogo. Kwa maoni yetu, kinachowakwamisha wengi ni kukimbilia kibodi kabla hawajajua wenyewe, kwa kalamu na karatasi, jibu linapatikanaje.

Tuchukue swali ambalo msomaji yeyote wa gazeti hili analiweza bila mashine: kugeuza saa ya mtindo wa saa 24, ile inayoonekana kwenye simu, iwe saa ya Kiswahili. Saa 07:00 ni saa moja asubuhi, 09:00 ni saa tatu, 13:00 ni saa saba mchana. Mwanafunzi akiona mifano hiyo mitatu anasema upesi, "Unatoa sita." Anaandika saa = s - 6, anajaribu 7 anapata 1, anajaribu 9 anapata 3, anaona kazi imekwisha. Kisha mtu anaingiza 20, programu inajibu 14. Saa 14 ya Kiswahili haipo. Anaongeza sharti: jibu likizidi 12, toa 12. Sasa 20 inatoa 2, sawa. Lakini 6, ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi, inatoa 0, ilhali 18, saa kumi na mbili jioni, inatoa 12 bila tatizo. Anaongeza sharti jingine la sifuri. Anajaribu 3, saa tisa usiku, anapata -3. Sharti la tatu. Ikifika hapa programu imejaa viraka, na aliyeiandika hawezi tena kueleza kwa nini inafanya kazi pale inapofanya kazi.

Angeanza na karatasi angechora safu mbili na mistari 24, kuanzia 0 hadi 23, na pembeni ya kila namba akaandika saa ya Kiswahili. Ni kazi ya dakika chache. Jedwali hilo linamwonyesha mambo mawili ambayo mifano mitatu ilimficha: kwamba namba zinajirudia baada ya kila mistari 12, na kwamba 0 inaanzia kwenye 6. Namba zinazojirudia zinadai baki la kugawanya. Kwenye Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, baki huandikwa kwa alama ya asilimia, na jibu lote ni mstari mmoja: saa = (s + 5) % 12 + 1. Ukiongeza 5 kwanza, kisha ukachukua baki la 12, unapata namba kati ya 0 na 11. Ukiongeza 1 mwishoni, sifuri haiwezekani tena. Jaribu 6: 11, baki 11, ongeza 1, ni 12. Jaribu 0: 5, baki 5, ongeza 1, ni saa sita usiku. Jaribu 23: 28, baki 4, ongeza 1, ni saa tano.

Kuna mwingine angefika kwenye (s - 6) % 12 na kushughulikia sifuri peke yake. Kwenye Python itafanya kazi, maana -3 % 12 ni 9. Akiihamishia programu hiyohiyo kwenye Java, C au JavaScript, -3 % 12 inakuwa -3, na saa za usiku wa manane zote zinaharibika. Hii ndiyo sababu tunapendelea njia ambayo haigusi kabisa namba hasi.

Na swali bado halijaisha. Je, programu iandike pia asubuhi, mchana, jioni au usiku? Saa 04:00 ni saa kumi usiku au saa kumi alfajiri? Saa 16:00 ni saa kumi alasiri au saa kumi jioni? Waswahili wenyewe hawakubaliani kila mahali, kwa hiyo anayeandika programu hana budi kumuuliza aliyeitaka kabla ya kuanza. Je, mtu akiingiza 24 au -1? Akiandika "saba" kwa maneno? Maswali haya ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwanafunzi anayeyaacha anaona kazi imeisha mapema, kisha anarudishiwa.

Utaratibu tunaoupendekeza ni mfupi. Kwanza, eleza swali kwa maneno yako: kinaingia nini, kinatoka nini, mipaka ni ipi. Pili, tatua kwa mkono mifano isiyopungua mitano, miwili kati yake ikiwa ya pembeni kabisa: ndogo kupita zote, na kubwa kupita zote. Tatu, andika hatua kwa Kiswahili cha kawaida, mstari kwa mstari, kiasi kwamba mtu asiyejua kompyuta angeweza kuzifuata. Hapo ndipo kibodi inaguswa. Mwanafunzi akikwama kwenye hatua ya tatu, tatizo lake si lugha ya programu, na kumnunulia kozi nyingine ya lugha nyingine ni kupoteza fedha.

Tukija kwenye kibodi yenyewe, uzembe wa kwanza ni kutosoma ujumbe wa kosa. Maandishi mekundu yanapotokea, wengi hufuta mistari kwa kubahatisha au kuanza upya. Ujumbe wa Python husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho una jina la kosa na maelezo mafupi. Juu yake kuna namba ya mstari lilipotokea. NameError maana yake umetaja jina ambalo programu hailijui, mara nyingi kwa sababu ya herufi moja. Wanaojifunzia kwenye simu hulipata sana, kwani simu hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa yenyewe, na Print si print. TypeError ni kuchanganya aina mbili zisizochanganyika, kama kujumlisha maandishi na namba. ValueError ni aina sahihi yenye thamani isiyofaa, kama kuitaka ibadili neno "saba" kuwa namba. IndexError ni kuomba nafasi isiyokuwepo: orodha yenye vitu 5 ina nafasi 0 hadi 4, ukiomba ya 5 hupati. IndentationError ni nafasi zisizolingana mwanzoni mwa mistari. Tumia nafasi 4 kila mara, wala usichanganye na kitufe cha Tab. ZeroDivisionError inajieleza: umegawanya kwa sifuri, na mara nyingi ni wastani wa orodha tupu.

SyntaxError ndiyo yenye hila. Ukisahau kufunga mabano kwenye mstari wa 8, matoleo ya zamani ya Python yanaweza kulaumu mstari wa 9, ambao hauna kosa lolote. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, Python hutaja mabano yenyewe ambayo hayakufungwa. Kwa hiyo ukiona mstari uliotajwa ni mzima, angalia ulio juu yake, na kama toleo lako ni la zamani, lisasishe. Majina haya saba yakiandikwa kwenye daftari pamoja na maana yake kwa Kiswahili, hoja ya kwamba Kiingereza ndicho kinachomshinda mwanafunzi inapungua sana nguvu.

Sasa tuzungumzie kosa ambalo hapa kwetu lina madhara kuliko kwingine: kutotofautisha namba na maandishi. Kwenye Python, chochote mtumiaji anachoingiza kupitia input ni maandishi, hata akiandika tarakimu. Anayeingiza 5 na 3 na kuzijumlisha anapata 53, maana maandishi yameunganishwa. Ni lazima ayabadilishe kwanza yawe namba kwa amri ya int. Hilo hufundishwa katika somo la kwanza. Lisilofundishwa ni upande wa pili: vitu vinavyoonekana kama namba lakini havistahili kuhifadhiwa kama namba. Namba ya simu inayoanza na 07 ikihifadhiwa kama namba, sifuri ya mbele inapotea. Ukiiandika moja kwa moja ndani ya Python unapata SyntaxError. Na kwenye C, Java na JavaScript ya zamani, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa mfumo wa nane, hata 010 inakuwa 8.

Namba ya kitambulisho cha NIDA ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20. Namba kamili kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi ya kawaida ya biti 64 (yaani tarakimu 64 za 0 na 1), inayopokea hasi na chanya, ni 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. JavaScript huhakikisha usahihi mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, tarakimu 16, na Excel hushika tarakimu 15 za mwanzo, zinazobaki inazigeuza sifuri. Mwanafunzi anayejenga mfumo wa kusajili wanachama wa SACCOS na kuweka NIDA kwenye safu ya namba ataona tarakimu za mwisho zikibadilika bila ujumbe wowote wa kosa, na watu wawili tofauti wanaweza kuonekana ni mmoja. Kanuni tunayoifundisha: usichokusudia kukijumlisha wala kukigawanya, kihifadhi kama maandishi.

Tena lugha yetu ina alama moja inayowasumbua wanaoanza bila wao kujua. Andika kwenye Python jina = 'Ng'ombe' na programu haitaanza. Kwake maandishi yaliishia kwenye Ng, na ombe ni kitu asichokielewa. Dawa ni kutumia alama za mtajo pacha: "Ng'ombe". Shida haiishii hapo. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp au Word huja na ile alama iliyopinda, na kwa kompyuta ’ na ' ni herufi mbili tofauti. Utatafuta Ng'ombe kwenye orodha, yumo, na programu itasema hayumo. Safisha kwanza: badili kila alama iliyopinda iwe ya kawaida kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, na ondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni kwa strip.

Kwenye hifadhidata alama hiyohiyo inakuwa hatari ya usalama. Anayeanza huunganisha sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, na jina la mtu kwa alama ya kujumlisha. Siku anapojiandikisha mtu mwenye jina lenye ng', mfumo unagoma. Wengi hulitibu kwa kumkataza mtu kuandika alama hiyo, yaani kumwambia abadili jina lake ili kompyuta ifurahi. Ukweli ni kwamba tundu lililomgomesha mwenye ng' ndilo analopitia mhalifu kuingiza amri zake. Njia sahihi ni kuweka alama ya kuuliza mahali pa thamani, kama hifadhidata ya SQLite inavyoruhusu, na kuipeleka thamani pembeni. Majina yote yanapita, mhalifu anabaki nje.

Masharti nayo yana makosa yake. Chukua madaraja ya mtihani wa Kidato cha Nne Tanzania: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F. Wengine huanza na sharti la chini, alama >= 30, na mwenye 90 anapata D kwa sababu sharti la kwanza lililotimia ndilo lililomnasa. Wengine hutumia if tupu mara nne badala ya elif, na mwenye 90 anapewa A, kisha B, kisha C, kisha D, daraja la mwisho likifuta yote. Wapo pia wanaoandika "kuanzia 65 hadi 74" na "kuanzia 75 hadi 100", kama ilivyo kwenye jedwali. Wastani wa 74.5 ukitokea, mwanafunzi huyo hana daraja lolote. Anza juu ukishuka, tumia mpaka mmoja tu kwa kila daraja, na jaribu namba zilizo mpakani: 74, 74.5, 75. Na usichanganye = inayoweka thamani na == inayolinganisha.

Fedha zinahitaji aya yake. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haiwezi kuandikwa humo bila kubaki kitu, kama theluthi isivyoweza kuandikwa kwa desimali. Ndiyo maana 0.1 + 0.2 kwenye Python ni 0.30000000000000004, na 0.29 * 100 ukiikata kwa int unapata 28. Usilinganishe desimali kwa ==. Fedha zihesabu kwa shilingi kamili, au senti kamili panapohitajika, na ukigawa tumia //, inayogawanya na kuacha desimali, pamoja na baki. Kikundi cha VICOBA chenye wanachama 7 kikigawana shilingi 100,000, kila mmoja anapata 14,285 na zinabaki 5. Hizo 5 zinakwenda kwa nani? Kompyuta haiwezi kuamua. Katiba ya kikundi iseme, na programu iifuate. Anayezungusha kila fungu kivyake atakuta jumla ya mafungu hailingani na fedha zilizo sandukuni. Kumbuka pia kwamba round ya Python huzungusha 2.5 kuwa 2 na 3.5 kuwa 4. Inakwenda kwenye namba shufwa, si juu kila mara kama tulivyofundishwa shuleni.

Halafu kuna makosa ambayo lugha ya programu haihusiki nayo kabisa. Bei yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake ni shilingi 118,000. Kodi iliyomo ni ngapi? Wengi huandika 118,000 mara 0.18 na kupata 21,240. Kodi halisi ni 18,000, maana bei hiyo ni asilimia 118 ya bei ya awali: unazidisha kwa 18, unagawanya kwa 118. Programu itaendeshwa bila kulalamika na itatoa jibu lisilo sahihi kila siku. Hapa tena karatasi ndiyo ingemwokoa.

Kuhusu vitanzi, yaani sehemu za programu zinazojirudia, tuseme kwa kifupi: range(1, 10) inaishia 9. Anayetaka 10 aandike 11. Anayetafuta namba kubwa kuliko zote asianze na 0. Akipewa nyuzi joto za kileleni Kilimanjaro, -7, -3 na -12, programu yake itajibu 0, namba ambayo haimo kabisa. Aanze na kitu cha kwanza cha orodha. Wala usifute vitu kwenye orodha huku kitanzi kinaipita. Orodha ya 2, 4, 6, 8 ukiifuta shufwa zake kwa njia hiyo, inabaki na 4 na 8, kwa sababu kila ukifuta kimoja vingine vinasogea nafasi moja na kitanzi kinaruka kinachofuata. Tengeneza orodha mpya ya unavyovitaka. Na ukiandika b = a pale a ni orodha, hujanakili kitu; majina mawili yanaelekea orodha moja, ukibadili b umebadili a. Nakala halisi ni a.copy(), ingawa orodha zilizomo ndani ya orodha bado zitashirikiwa.

Wanaoshiriki mashindano ya kutatua maswali wana ugonjwa mwingine: kupuuza ukubwa wa data. Swali linasema kuna namba 100,000, tafuta kama zipo mbili ambazo jumla yake ni lengo fulani. Vitanzi viwili, kimoja ndani ya kingine, vitakagua jozi 4,999,950,000. Ukikadiria kwamba Python hufanya hatua ndogo milioni 10 hivi kwa sekunde, hizo ni zaidi ya dakika 8, na mashindano mengi hutoa sekunde chache. Soma mipaka kwanza, zidisha kwenye karatasi, ndipo uchague njia. Hapa pita orodha mara moja, na kwa kila namba uulize kama lengo ukitoa namba hiyo tayari limo kwenye seti ya ulizokwisha kuziona. Kisha iweke namba hiyo kwenye seti. Mpangilio huo una maana: ukijaza seti yote kwanza, lengo likiwa 10 na orodha ikiwa na 5 moja tu, utaijumlisha 5 na yenyewe. Na iwe seti kweli. Kuuliza kama kitu kimo ndani ya orodha ni kuipitia orodha nzima, yaani umerudisha kitanzi cha pili kwa mlango wa nyuma.

Jinsi ya kutafuta hitilafu nako kunafundishwa kidogo mno. Endesha programu kila baada ya mistari mitano au sita; ukiandika 60 bila kuendesha hata mara moja, makosa yatakuwa yamepandana na hutajua lipi limezaa lipi. Ukikwama, chapisha thamani za vigeu (majina yanayobeba thamani) kabla na baada ya mstari unaoushuku, uzilinganishe na jedwali lako la karatasini. Badili kitu kimoja, endesha, tazama. Anayebadili vitu vitatu kwa pamoja, programu ikipona hajui dawa ilikuwa ipi.

Video za mafunzo na akili mnemba tunazitumia wenyewe na hatumkatazi mtu. Lakini kutazama mwalimu akiandika kunampa mtazamaji hisia ya kuelewa ambayo inayeyuka akibaki peke yake. Tazama dakika kumi, funga, andika upya bila kuangalia, halafu badili kitu: kama video ilitafuta wastani wa namba tatu, yako itafute wastani wa namba zozote, hata zisipokuwepo. Akili mnemba iombe ikueleze ujumbe wa kosa. Usiiombe ikuandikie jibu la zoezi. Msimbo wowote (maandishi ya programu) ulioazima upitishe kwenye majedwali yako, hata ukiwa umetoka kwa wataalamu. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilisambaratika sekunde 40 hivi baada ya kuruka kwa sababu sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4. Ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, isiyopokea zaidi ya 32,767. Kwenye roketi ya zamani namba hiyo haikuwahi kufika huko. Kwenye mpya, iliyokuwa na mwendo mkubwa zaidi, ilipita.

Mabishano ya Python au Java au JavaScript tunayaona ni ya bure kwa anayeanza. Achague moja, akae nayo mpaka aweze kutatua swali geni bila msaada.

Kwa walimu na wenye vyuo tuna ombi. Kenya, kupitia taasisi yake ya mitaala, KICD, iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, na vituo binafsi vinaongezeka mijini kwetu. Katika kusahihisha, wapeni nusu ya alama jedwali la mifano na hatua zilizoandikwa kwa Kiswahili, kabla ya msimbo wenyewe. Darasa lenye wanafunzi 40 na kompyuta 5 litaweza kufanya kazi wote kwa pamoja, hata siku umeme umekatika. Na msiwape maswali ambayo majibu yake yote yako kwenye video ya kwanza inayotokea. Andikeni yenu, kutoka sokoni, bandarini, kwenye kituo cha mabasi.

Kwako Mhariri, tunaomba ukurasa wa mafumbo utenge nafasi ya swali moja la programu kila wiki, la kutatuliwa kwa kalamu. Tunaanza na hili. Konda wa daladala ana sarafu za 500 na za 200 peke yake, nyingi kadiri anavyotaka. Umpe kiasi cha chenji ambacho ni kizidishe cha 100, naye atoe kiasi hichohicho kamili kwa sarafu chache iwezekanavyo, au aseme haiwezekani. Wengi wataandika programu inayochukua kwanza sarafu za 500 nyingi iwezekanavyo. Ijaribuni kwa 600: inachukua 500, inabakiwa na 100, inasema haiwezekani, ilhali sarafu tatu za 200 zipo. Jaribuni pia 300, 800 na 1,100, kisha mtafute ni viasi vipi visivyowezekana kabisa, na muonyeshe kwa nini baada ya hivyo hakuna kingine.

Wakufunzi wa programu,
Dar es Salaam